Nani Atakaa na Mgonjwa Nyumbani?



Mgonjwa akilala hospitalini, jamaa yake yote huwa na wasiwasi. Siku anaporudi nyumbani, wengi hudhani ya kuwa wasiwasi umekwisha. Kuku huchinjwa, majirani huja kumpa mkono, nyimbo huimbwa; kisha kila mtu hurudi shambani kwake. Kumbe, kutoka hospitalini siyo kupona. Mganga ameshona jeraha, ameunga mfupa, ametoa dawa. Lakini nguvu za mwili hazirudi kwa siku moja. Yako majuma mengi, na pengine miezi mingi, ambamo mgonjwa hawezi kujiosha, wala kuteka maji, wala kusimama peke yake. Katika siku hizo swali moja huingia katika kila nyumba: Nani atakaa naye?

Swali hilo laonekana kuwa swali la kazi tu. Kwa mkristu ni zaidi. Bwana Yezu alifundisha ya kwamba siku ya mwisho atawauliza watu wote kama walimwangalia mgonjwa, na ya kwamba walivyomtendea aliye mdogo, ndivyo walivyomtendea Yeye mwenyewe. Basi, anayemchagulia mgonjwa msaidizi, amchagulia Kristu msaidizi. Je, huchaguliwaje?

HABARI YA MZEE MMOJA

Katika kijiji kimoja cha milimani, mwendo wa saa mbili kutoka misioni, palikuwa na mzee mjane, mkristu wa siku nyingi. Siku moja, wakati wa mvua, aliteleza njiani akitoka shambani, akavunjika mfupa wa paja. Wanawe wakamchukua kwa machela mpaka barabarani, na kutoka hapo kwa gari mpaka hospitalini. Waganga wakampasua, wakaufunga mfupa kwa chuma, na baada ya majuma matatu wakamruhusu kurudi kwake. Muuguzi akamwagiza mwanawe mkubwa: mzee ageuzwe kitandani mara kwa mara, aketishwe, asaidiwe kusimama na kutembea kwa magongo kidogo kidogo kila siku, anywe maji ya kutosha, ale vizuri, dawa zisiachwe. Mwana akaitikia, "Ndiyo, ndiyo". Lakini fikira zake zilikuwa dukani kwake mjini.

Walipofika nyumbani, jamaa wakakutana barazani. Mwana mkubwa akasema: "Mimi nina duka langu. Nitaleta faranga za chakula kila mwezi." Wa pili akasema: "Mke wangu ni mkwe wake. Hawezi kumwosha baba mkwe; ni mwiko." Binti akasema: "Mimi nimeolewa mbali, na mtoto wangu yungali mchanga." Ndipo shangazi akasema: "Mbona mnajisumbua? Mjukuu wake yupo hapa. Ana miaka 13, ana adabu, tena hatadai mshahara." Wote wakafurahi, kwa kuwa neno hilo halikuwagharimu kitu.

Msichana huyo alikuwa katika mwaka wa sita wa shule ya msingi, mwaka wa mtihani wa kumaliza. Hakuna aliyemwuliza. Na mzee alikuwa amelala chumbani, nyuma ya ukuta wa udongo, akisikia kila neno. Hata yeye hakuna aliyemwuliza.

Msichana alifanya yote aliyoweza. Alipika, alifagia, aliteka maji. Lakini hakuwa na nguvu za kumgeuza mtu mzima, wala hakufundishwa namna ya kumgeuza. Tena liko jambo ambalo hakuna aliyelitaja. Mzee aliona haya kumwita mjukuu wake amletee chombo cha haja. Basi akajitafutia njia: akaacha kunywa maji, ili asiwe na sababu ya kumwita. Alipoletewa kikombe alisema, "Kiweke hapo, mjukuu wangu, nitakunywa baadaye." Kisha, msichana akiisha kutoka, alikimwaga polepole kando ya kitanda, na udongo ukanywa.

Baada ya majuma mawili midomo yake ilikuwa imekauka, jioni akawa anasema maneno yasiyo na maana, na chini ya mgongo wake palikuwa na kidonda cha ukubwa wa kiganja. Mama mmoja wa Legio Maria, alipokuja kumtembelea, akasikia harufu ya kidonda hicho. Akamtuma msichana nje kwa upole, akaketi karibu na kitanda, akamwuliza mzee kuna nini. Mzee akalia, akasema: "Mama, sikatai kufa. Lakini sitaki mtoto huyu anione uchi."

Wapendwa, katika nyumba ile hapakuwa na mtu mbaya. Mwana alileta faranga kama alivyoahidi. Shangazi alileta sombe na samaki. Msichana alikesha mpaka macho yakawa mekundu. Hata hivyo mzee alikuwa anakufa kidogo kidogo katikati ya watu waliompenda. Sababu ni moja tu: walipochagua, kila mmoja aliangalia shida yake mwenyewe, wala hakuna aliyeangalia shida ya mgonjwa.

MSAMARIA ALIKESHA KWANZA

Ninyi nyote mwajua mfano wa Msamaria mwema, ulioandikwa katika Injili ya Mtakatifu Luka, sura ya 10. Mara nyingi mfano huo husomwa upesi, na watu hukumbuka njiani tu: kuhani alipita, mlawi alipita, Msamaria akasimama. Lakini nusu ya habari ni yale yaliyotendeka baadaye, katika nyumba ya wageni.

Angalieni utaratibu wake. Kwanza Msamaria aliyafunga majeraha kwa mikono yake mwenyewe, akayatia mafuta na divai. Pili alimpandisha mgonjwa juu ya mnyama wake, yeye mwenyewe akaenda kwa miguu. Tatu alimfikisha katika nyumba ya wageni, akamtunza humo siku ile. Ni kesho yake tu alipompa mwenye nyumba dinari mbili, akamkabidhi mgonjwa, akaahidi ya kuwa atarudi, na kama gharama imezidi atailipa.

Msamaria hakufanya dhambi kumwachia mtu mwingine mgonjwa wake. Alikuwa na safari, alikuwa na kazi. Hata mtu mwenye mapendo makubwa hawezi kuwa mahali pawili. Lakini hakumkabidhi mgonjwa asiyemjua. Alikuwa ameosha damu yake, amesikia kuugua kwake usiku, amejua ni upande gani unaomwuma. Aliyeosha jeraha ndiye awezaye kumwagiza mwenzake jinsi ya kuliosha. Naye aliyekesha usiku mmoja ndiye ajuaye ni mtu wa namna gani awezaye kukesha.

Yule mwana mkubwa aliitwa kutoka mjini. Muuguzi wa kituo cha afya alikuwa amekwisha kuja, akasafisha kidonda, akatoa dawa, akasema wazi ya kwamba mambo yakiendelea hivyo mzee hatauona mwezi unaofuata. Mwana akafunga duka lake siku tatu, akatandika mkeka karibu na kitanda cha baba yake. Usiku wa kwanza alijua uzito wa baba yake. Usiku wa pili alijua saa ambayo maumivu huamka. Usiku wa tatu alijua haya ya baba yake; kwa maana mzee alimwambia, "Mwanangu, wewe ni mwanamume mwenzangu; leo nitakunywa maji."

Asubuhi yake mwana alijua amtafute nani: asiwe mtoto; awe mwanamume, mwenye nguvu mikononi na upole moyoni; awe mwepesi wa kuamka usiku, mwaminifu wa kushika saa za dawa. Siku ile barazani hakujua hata moja la mambo hayo.

MASWALI YA TOBITI

Katika Agano la Kale mnasoma habari za Tobiti. Mtu huyo alikuwa kipofu, naye alitaka mwanawe Tobia asafiri mbali. Hakumwachia mtu yeyote tu. Alimwagiza Tobia atafute mtu mwaminifu wa kufuatana naye, akaahidi kumlipa. Mtu alipoletwa, Tobiti mwenyewe, ingawa ni kipofu na dhaifu, alimwita karibu, akamwuliza ukoo wake na jamaa zake, apate kujua amelelewa na nani. Kisha akataja mshahara: drakma moja kwa siku, pamoja na matumizi ya njia, na nyongeza wakirudi salama. Tobiti hakujua ya kuwa yule aliyemwuliza ni Malaika Rafaeli, ambaye jina lake maana yake ni: Mungu anaponya. Malaika hakuchukizwa na maswali hayo. Basi, mtu mwema hachukizwi na maswali ya haki.

Yafaa mkristu naye aulize, kabla ya kumwingiza mtu katika chumba cha mgonjwa wake:

La kwanza: Je, amekwisha kumtunza mgonjwa? Asijibu yeye tu. Waulizwe wale waliomwona akimtunza.

La pili: Je, kazi hii aiweza? Mgonjwa asiyejiweza hugeuzwa kila baada ya saa mbili, mchana na usiku. Ngozi ikiwa nyekundu mgongoni, kiunoni au visiginoni, na wekundu usiondoke, ndiyo mwanzo wa kidonda. Kazi hiyo yataka nguvu na uvumilivu. Tena ifikiriwe heshima ya mwili: mwanamume apate mwanamume, na mwanamke apate mwanamke, kila iwezekanapo.

La tatu: Je, akubali kufundishwa? Muuguzi amwonyeshe kazi, naye aifanye mbele ya muuguzi: kunawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa jeraha, kumketisha mgonjwa wima anapokula asije akapaliwa, kumsimamisha bila kumvuta mkono.

La nne: Je, ajua kusema, "Sijui"? Msaidizi mwema haongezi dawa yake juu ya dawa ya mganga, wala hapunguzi. Aonapo homa, au usaha katika jeraha, au mguu mmoja kuvimba na kuuma, au pumzi kukatika ghafula, hangoji asubuhi. Huita watu mgonjwa apelekwe upesi.

La tano: Je, mwenendo wake ni upi? Mlevi hataamka usiku. Mwenye ulimi mrefu atautangaza kisimani uchi wa mgonjwa.

La sita, ambalo watu hulisahau: Mgonjwa mwenyewe asemaje? Mwili ni wake. Tobiti alikuwa kipofu, lakini ndiye aliyeuliza maswali.

Katika kijiji kile watu watatu walitajwa. Wa kwanza alikuwa mpwa wa mzee, kijana mwenye nguvu kama ng'ombe. Lakini kila jioni alikuwa kwenye pombe. Wa pili alikuwa mtu mwenye kuuza mizizi; aliahidi kuukanda mguu mpaka chuma kitoke, na kumtaja jirani aliyemroga mzee. Mwana mkubwa akatetemeka kwa hofu, maana tamaa ya kupona upesi ni kubwa. Lakini akakumbuka maneno ya muuguzi, akamrudisha mtu yule kwa adabu. Mungu ndiye aliyeziumba dawa kutoka katika ardhi, ndivyo Yoshua bin Sira anavyofundisha katika sura ya 38, naye amewapa waganga maarifa yao. Lakini mtu anayeingia chumbani kwa mgonjwa akileta chuki juu ya jirani, huyo haleti dawa.

Wa tatu alikuwa mgeni. Vita vilimfukuza kwao, akahamia kijijini, akawa anafyatua matofali. Alikuwa wa kabila lingine, na lugha ya kijiji aliisema vibaya. Alikuwa mkatekumeni kama ninyi, wa mwaka wa pili. Wale waliokimbia pamoja naye walishuhudia ya kuwa alimtunza mama yake aliyepooza miaka minne, akambeba mgongoni njia nzima, mpaka mama huyo alipofariki na kuzikwa kwa heshima.

Shangazi akakataa. Akasema, "Mtu wa kabila lile alale nyumbani kwetu? Atatuibia. Afadhali ndugu mlevi kuliko mgeni." Jamaa wakanyamaza. Ndipo mama wa Legio Maria akauliza neno moja: "Msamaria alikuwa wa kabila gani?" Hakuna aliyejibu. Mwana mkubwa akaingia chumbani, akamwuliza baba yake. Mzee akasema, "Mleteni nimwone." Wakakaa wawili peke yao, muda wa kuvuta tumbako. Hakuna ajuaye waliyosema. Mzee alipoita watu, alisema tu: "Huyu ananiuliza ninaumwa wapi. Wengine wote mliniambia ninaumwa wapi. Abaki huyu."

HAKI YA MSAIDIZI

Mkristu akimwita mtu kumtunza mgonjwa wake, asimfanye mtumwa. Torati ya Musa yaagiza maskini alipwe ujira wake kabla ya jua kuchwa, asije akamlilia Mungu. Mtume Yakobo naye aonya ya kwamba ujira uliozuiwa hupiga kelele, na kelele hiyo hufika masikioni pa Bwana. Mtu hawezi kumwombea baba yake uzima kwa mdomo, huku mkono wake umeshika faranga za yule anayemwosha baba yake.

Basi kabla ya kazi kuanza, mambo yatajwe mbele ya mashahidi wawili: kazi ni ipi, mshahara ni kiasi gani, utalipwa siku gani, atakula nini, atalala wapi, atapumzika lini. Aliyeitwa kumtunza mgonjwa asipelekwe tena kulima shamba la jamaa na kupasua kuni za ukoo mzima. Awe na nafasi ya kwenda Misa Dominika, au kwenda mafundisho ikiwa ni mkatekumeni, na siku hiyo mwana wa nyumba akae mahali pake. Tena ni vema wajaribiane kwanza juma moja. Asipofaa, aachwe kwa amani na kulipwa siku zake.

Faranga na vitu vya thamani viwekwe mbali na chumba cha mgonjwa. Hivyo si kumdhania mtu kuwa mwizi, bali ni kumlinda, asishukiwe bure siku kitu kitakapopotea.

Na mtoto je? Mtoto aweza kumletea babu yake maji, kumsomea Injili, kumchekesha. Hiyo ni mapendo, tena ni malezi mema. Lakini mzigo wa mtu mzima usiwekwe juu ya kichwa cha mtoto, wala asitolewe shuleni kwa sababu yeye hajui kukataa. Amri ya nne yaagiza watoto wawaheshimu wazazi. Haiwapi wakubwa ruhusa ya kuwakimbia wazazi wao na kuwaachia watoto wadogo kazi hiyo. Msichana yule alirudi shuleni juma lilelile.

KURUDI

Kosa la mwisho ni kudhani ya kuwa aliyekwisha kuchagua amekwisha kazi. Msamaria aliahidi kurudi. Mwenye nyumba ya wageni alijua ya kuwa yupo mtu atakayekuja kuuliza habari za mgonjwa huyu; na mgonjwa alijua ya kuwa hakutupwa.

Yule mwana mkubwa alikuja kila Dominika ya pili. Alikuwa akifunga mlango, akamwuliza baba yake peke yake, "Baba, unatunzwaje?" Aliangalia ngozi ya mgongo wake. Alihesabu dawa zilizobaki. Kisha alitoka nje, akamwuliza msaidizi, "Ndugu, wewe unapungukiwa na nini?" Mara ya kwanza msaidizi alijibu, "Sabuni imekwisha." Mara ya pili akajibu, "Usingizi." Mwana akalala huko usiku ule, naye msaidizi akalala mpaka jua likawaka.

Tena jamaa walimwita padri. Wako wakristu wanaodhani ya kuwa Mpako wa Wagonjwa ni kwa mtu anayekata roho tu, na kwa hiyo humficha padri mpaka dakika ya mwisho. Sivyo Kanisa linavyofundisha. Sakramenti hiyo ni kwa mkristu aliye katika ugonjwa mzito, imtie nguvu, imwondolee dhambi, na hata imrudishie afya ya mwili, Mungu akipenda. Siku ya 11 Februari, sikukuu ya Bikira Maria wa Lurdi, Kanisa lote huwaombea wagonjwa na wanaowatunza. Papa Yohane Paulo wa Pili ndiye aliyeagiza hivyo mwaka 1992.

NENO KWA ANAYEITWA KUTUNZA

Pengine mmoja wenu ataitwa kesho, kama alivyoitwa mkatekumeni yule. Asiseme, "Kazi ya kuosha vidonda ni kazi ya chini." Mtakatifu Kamilo wa Lellis, aliyezaliwa Italia mwaka 1550, alikuwa askari na mcheza kamari. Alipata kidonda mguuni, akaenda kutibiwa katika hospitali moja ya Roma, akapewa kazi humo. Lakini akafukuzwa, kwa sababu ya ugomvi na kamari. Yeye aliyekuwa msaidizi mbaya alimgeukia Mungu, akarudi kwa wagonjwa akiwa na moyo mwingine. Aliona jinsi watumishi walivyowatunza wagonjwa kwa ajili ya mshahara tu, akakusanya wenzake wa kuwatunza kwa mapendo. Mwaka 1586 Papa Sisto wa Tano aliwaruhusu kuvaa msalaba mwekundu kifuani. Kidonda chake mwenyewe hakikupona kamwe mpaka alipofariki mwaka 1614. Kwa hiyo alipofunga kidonda cha mtu, alijua anachokifunga. Leo ndiye msimamizi wa wagonjwa na wauguzi.

Kumbukeni pia binti Yairo. Bwana Yezu alimshika mkono, akamfufua, naye alikuwa msichana wa miaka 12. Watu wakashangaa mno. Lakini Yezu hakuwaacha wazazi wakishangaa tu: aliwaambia wampe mtoto chakula. Yeye aliyeweza kumwondoa katika kifo kwa neno moja, hakuwaondolea wazazi kazi ya kupika. Mungu hufanya yake, naye humwachia mwanadamu uji, maji ya kuoga na mkeka wa kukesha.

Mzee yule hakurudi tena kulima. Mguu wake ulibaki mfupi kidogo. Lakini kidonda cha mgongo kilifunga, na siku moja majirani walimwona nje, ameshika magongo mawili, mgeni akitembea nyuma yake, mikono wazi, bila kumgusa. Usiku wa Pasaka mzee alipelekwa kanisani kwa pikipiki. Wakatekumeni walipoitwa kwa majina, na yule mgeni akasogea mbele ya maji, padri aliuliza ni nani baba yake wa Batizo. Magongo yakasikika sakafuni. Watu wakampisha mzee njia, na shangazi ndiye aliyemshika mkono mpaka mbele.

MAULIZO

Ul. Mgonjwa akitoka hospitalini, amekwisha kupona?
Jib. Hapana. Nguvu zake hurudi polepole. Ahitaji kutunzwa vema nyumbani.

Ul. Je, ni dhambi kumkabidhi mtu mwingine mgonjwa wetu?
Jib. Si dhambi, ikiwa twachagua mtu afaaye, twamlipa kwa haki, na twarudi kumwangalia mgonjwa. Ni dhambi kumkabidhi ili tumsahau.

Ul. Anayetaka kumchagua msaidizi afanye nini kwanza?
Jib. Akae yeye mwenyewe na mgonjwa, apate kujua shida zake.

Ul. Nani aulizwe kabla ya wote?
Jib. Mgonjwa mwenyewe.

Ul. Je, kabila na ukoo ndivyo vinavyomfanya mtu kuwa msaidizi mwema?
Jib. Hapana. Msaidizi mwema hujulikana kwa matendo yake, kama Msamaria.

AZIMIO LA JUMA HILI

Kila mkatekumeni amtafute mgonjwa mmoja anayepata nafuu karibu na kwake. Akae naye saa moja, ili anayemtunza apate kupumzika. Kabla ya kufanya lolote, amwulize: "Nikusaidie nini?" Kisha angoje jibu.

SALA

Ee Bwana Yezu, uliyewagusa wagonjwa kwa mikono yako, uwape nguvu wote wanaorudi nyumbani wakiwa dhaifu. Uwape watoto wao macho ya kuona shida ambayo haisemwi. Uwape wanaowatunza mikono mipole, usingizi wa kutosha na ujira wa haki. Nasi tukiitwa kukaa na mgonjwa, utujalie tukujue Wewe uliyelala juu ya mkeka ule. Amina.